Barua Iingie, Jibu Lisitoke

Zahanati ya Kansay,
Karatu.
8 Februari 1984

Kaka Tobiko,

Tangu tuagane siku ya mwisho ya kozi sijakuandikia, na najua huko Arash umeshanisema kwamba yule dada Mwiraqw amekusahau. Sijakusahau. Mimi mzima, kwa uzima wa mtu mwenye mimba ya miezi mitano na miguu iliyovimba. Nakuandikia nyuma ya fomu za chanjo maana karatasi nyingine hakuna, kwa hiyo usizigeuze ukadhani nakuletea takwimu.

Jana nilifanya ule mkutano. Unakumbuka tulivyoahidiana, sisi tuliosomea afya ya akili wiki sita, kwamba kila mmoja akirudi kwake ataitisha mkutano wa kijiji kuhusu watu wanaojiua? Basi mwenzako ameitisha, na nimekasirika hata asubuhi hii nimemfokea mama aliyeleta mtoto kupimwa uzito. Tangu mavuno ya mwaka jana tumezika watu watatu hapa waliojiua. Wa mwisho ni mdogo wake Raphaeli, anayepakana shamba na mdogo wangu Clemensi. Watatu, katika kijiji ambacho kila mtu anajua mbuzi wa kila mtu!

Katibu kata alifungua mkutano saa nne akaufunga saa saba, na katikati yake alikuwepo yeye mwenyewe. Aliongea barabara, akaongea ngano, akaongea wanaokwepa kazi za kijiji. Mimi nilipewa dakika kumi, watu wakiwa wameshasimama kukung'uta nguo. Nikasema mtu akianza kujitenga na kusema amechoka kuishi, msimcheke, msimfiche, kaeni naye. Nilipokaa akasimama Bartolomeo, katekista wetu, akasema wanaojiua watazikwa nje ya uzio wa makaburi, ili wengine wajifunze. Wakapiga makofi, Tobiko. Mama yake Raphaeli alikuwa mstari wa mbele, na watu wakapiga makofi.

Sasa nikuambie kinachonikosesha usingizi. Clemensi mwenyewe alijaribu.

Nyinyi Wamasai hamna jambo hili, kwa hiyo nikueleze. Desemba mke wake, Lusia, alijifungua nyumbani mtoto aliyekwisha kufa. Kwetu nyumba ya namna hiyo inaingia metimani. Mke na mume wanatengwa na watu mpaka wazee waone muda umetosha, na muda wenyewe unaweza kufika mwaka. Hawaingii kwa mtu na mtu haingii kwao. Hawachoti maji tunapochota sisi, hawaketi kwenye pombe, mkono wao haushikwi, na kitu hakitoki mle ndani kuja kwetu. Wazee wanasema si adhabu, ni kuwakinga watoto wa wengine wasife. Chama kimekataza, kanisa limekataza, na watu wameitikia ndiyo kote kuwili na kuendelea.

Jumapili ya tarehe 15 Januari, watu wakiwa kanisani, Lusia alimleta zahanati juu ya punda. Alikuwa amekunywa sumu. Nilihangaika naye mpaka jioni, mlango nimeufunga ili mtu asituone, akapona. Kwenye daftari niliandika "sumu, bahati mbaya", maana sheria unaijua: anayejaribu kujiua ni mkosaji, anashtakiwa. Kwa hiyo mimi ninayesimama mbele ya watu nikisema msifiche, nimemficha wa kwangu. Lusia ananiambia chupa ilibaki na Clemensi ameificha. Ametafuta kila mahali hajaiona.

Siwezi kuingia kumkalisha na kuongea naye. Mama mkwe wangu Bernadina ameapa nikikanyaga mle nisirudi kwake na mimba hii, lakini hilo ningelivumilia. Shida ni kwamba mkunga hapa ni mimi peke yangu. Nikiingia metimani, hakuna mjamzito hata mmoja atakayekubali nimshike, watarudi kujifungulia nyumbani kwenye majivu ya jiko na tutawapoteza. Basi kila siku nikitoka kazini nasimama nje ya uzio wao wa minyaa nampigia kelele yale tuliyoandika darasani: kula, lala, fanya kazi ndogondogo, usikae na mawazo. Ananiitikia "ndiyo, dada". Kazi yangu yote ndiyo hiyo.

Wewe ulikuwa wa kwanza darasani. Niambie nifanye nini.

Dada yako aliyechoka,
Germana


Zahanati ya Arash,
Loliondo.
27 Februari 1984

Dada Germana,

Barua yako ilikaa Loliondo siku tisa ikimsubiri dereva wa gari la mifugo apone malaria. Nimeisoma nikiwa peke yangu zahanati, jambo ambalo siku hizi ni rahisi, kwa sababu hakuna mtu anayekuja. Ngoja nikueleze ujinga wangu kwanza, labda utacheka.

Na mimi niliitisha mkutano. Wilayani walinipa fomu ya kujaza na mstari wa kwanza unasema: Jina la marehemu. Huku nako tumewapoteza watu kwa namna hiyo, wanne kwa mwaka mmoja na nusu. Nikasimama mbele ya wazee na akina mama nikasoma majina yote manne kwa sauti, ili tuwakumbuke, kama mkufunzi alivyotufundisha. Germana, kwetu jina la aliyekufa halitajwi. Nalijua hilo tangu nanyonya. Lakini nilikuwa na fomu mkononi, na mtu mwenye fomu mkononi anakuwa mjinga wa aina yake. Nilipofika jina la pili bibi mmoja, Nareyu, alijifunika shuka kichwani akaondoka. Nilipomaliza la nne nilibaki na mbwa. Mzee Kaika alirudi kuniambia kwamba shule ilinichukua nikiwa na miaka saba na haikurudisha kitu. Sasa wenye watoto wagonjwa wanatembea mpaka Loliondo kuliko kuja kwa mtu anayeita wafu.

Kwa hiyo kutengwa kidogo nakujua. Ni wiki tatu tu na tayari naongea na mizani.

Kuhusu Clemensi, nasema yale yale unayoyajua. Asiachwe peke yake. Chupa itafutwe mpaka ipatikane. Na muulize wazi kama bado anafikiria kujiua, usizunguke. Tuliambiwa kumwuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani, na mimi naamini. Umemwuliza? Katika barua yako umeandika unavyomwambia, hukuandika anavyojibu.

Habari njema ni kwamba wiki iliyopita alipita daktari mmoja mkubwa kutoka mkoani akielekea Engaresero, nikamweleza shida yenu ili asaidie dawa na ushauri. Usiogope, nimeshajifunza somo la majina. Sikutaja jina la mtu hata moja. Nilisema tu kuna muuguzi wa Kansay na mdogo wake aliye kwenye metimani, aliyeandikwa bahati mbaya. Alisikiliza vizuri sana na kuandika.

Pumzisha miguu.

Kaka yako,
Tobiko


Kansay,
19 Machi 1984

Tobiko,

Leo sikuiti kaka.

Muuguzi wa Kansay ni mmoja. Ni mimi! Kuna mwingine unayemjua? Na wadogo zangu wa kiume ni wangapi, na walio kwenye metimani ni wangapi? Hukutaja jina. Ulibakiza nini, rangi ya shati?

Alhamisi limekuja gari kutoka Karatu na bwana wa afya na konstebo. Bwana wa afya alichukua daftari langu akalisoma kwa kidole, akaniuliza mbona sumu zote za bahati mbaya kijijini zinampata ndugu yangu. Nikasema sijui. Nimesema uongo mbele ya wajawazito wawili na mlinzi. Konstebo akataka kuonyeshwa nyumba.

Clemensi aliona kofia ya polisi kwa mbali akatokea nyuma, akashuka makorongo ya kuelekea Eyasi. Lusia alipiga kelele kwamba ameenda. Sikuwa na la kufanya ila kusimama nje ya minyaa na tumbo langu, na wanaume waliokuwa shambani walisimama vile vile wakitazama makorongo. Hakuna aliyemfuata. Angekuwa ng'ombe angefuatwa.

Na sikiliza maajabu. Yule konstebo ni kijana wa huku huku Dongobesh, Mwiraqw mtupu. Alipofika kwenye uzio akauliza kwa nini hakuna njia ya watu mlangoni. Nikamwambia metimani. Akarudi nyuma hatua kumi! Mkewe amejifungua mwezi uliopita, anasema. Basi akamhoji Lusia kwa kupaza sauti kutoka barabarani, Lusia akamjibu kutoka mlangoni kwamba mumewe alikosea chupa, akaandika "alikosea chupa" na gari likaondoka. Jambo linalommaliza mdogo wangu ndilo lililomwokoa asifungwe. Nicheke au nilie? Nimefanya vyote viwili.

Clemensi alirudi jioni, magoti yamechubuka. Alisimama mbali akaniambia, "Umeniandika kwa watu, dada." Tangu siku hiyo nikifika kwenye minyaa anaingia ndani. Hata ile "ndiyo, dada" sina tena.

Unaniandikia asiachwe peke yake. Nani amekuambia nataka kumwacha? Unaniuliza kama nimemwuliza wazi. Sikumwuliza. Niliogopa jibu, na sasa hata kuuliza nimenyang'anywa.

Germana


Arash,
2 Aprili 1984

Dada Germana,

Nimekosa. Nilitaka kueleza nilivyodhani, nikaandika kurasa mbili, nikazichana. Nimekosa tu. Ningekuwa na gari ningekuja kesho, maana metimani hainibani mimi, na ningeingia mle ndani nikakaa. Nimeomba ruhusa na nimenyimwa, kuna kipindupindu upande wa ziwa na nimeambiwa nisitoke kituoni hata siku moja. Nimegombana na bosi wangu mpaka ameacha kunipa sukari.

Kwa hiyo nimemwandikia Clemensi mwenyewe. Barua yake iko ndani ya hii. Nakuomba umfikishie na nakuomba usiisome, japo najua nakuomba jambo gumu. Ndani yake kuna habari yangu ambayo hata wewe sikukuambia wiki zote sita.

Tobiko


Arash,
2 Aprili 1984

Ndugu Clemensi,

Mimi ndiye mtu aliyesababisha polisi waje kwako. Dada yako hakukusema kwa watu, aliniambia mimi peke yangu kwa sababu aliogopa utakufa. Aliyeongea ovyo ni mimi. Ukitaka kunitukana una haki, na mimi nitasoma mpaka mwisho.

Mwaka 1979 nilifiwa na mke, na mimi nilitaka kufa. Nilipanga siku. Nilikuwa mganga wa zahanati tayari, natibu watu asubuhi na mchana napanga kufa kwangu, na wote walisema Tobiko amejikaza kiume. Kabla siku yenyewe haijafika alikuja mtu wa rika langu akaniambia amepoteza ndama, nimsaidie kutafuta. Tulitafuta siku tatu. Siku ya pili, tumekaa kwenye kivuli cha mwamba, akaniuliza kama ninafikiria kujiua. Hivyo hivyo, kama anayeuliza kama nina tumbaku. Nikasema ndiyo. Hakunihubiria. Akasema basi tuendelee kutafuta, akawa ananishika bega kila tukipanda mlima. Mpaka leo sijui kama huyo ndama alikuwepo.

Sikupona hapo hapo. Nilipata nafuu polepole, na siku nyingine hali ilirudi nyuma. Lakini tangu nilipojibu ndiyo nilikuwa na mtu anayejua.

Sasa nakuuliza mimi. Je, bado unafikiria kujiua? Nijibu ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo sitakuita mwenye dhambi, sitaenda polisi, na sitamwambia daktari yeyote bila wewe kukubali. Na swali la pili, kama unataka: mtoto wenu alikuwa wa kike au wa kiume?

Tobiko


Kansay,
25 Aprili 1984

Kaka Tobiko,

Nimekurudishia "kaka", usiniulize kwa nini.

Sikuisoma. Niliiweka juu ya jiwe linalotumika kuwekea chumvi yao, nje ya minyaa, nikamwita Lusia. Kumbe Bernadina alikuwa nyuma yangu. Akapiga kelele, ni nini hiki kinaingia, na jibu lake litatokaje, mle hamtoki kitu! Lusia akaogopa kuigusa. Nikataka kuirusha ndani, mama mkwe akanishika mkono. Barua yako ikakaa juu ya jiwe siku tatu na mvua ikainyeshea huku wazee wakikaa kikao. Kikao, Tobiko! Wazee saba wameacha palizi wanajadili kama karatasi inabeba uchafu. Mkutano wangu wa kujiua hawakuja hata wawili.

Mzee Wilibrodi ndiye aliyetoa uamuzi. Karatasi haikuwepo zamani, kwa hiyo hakuna aliyeikataza. Kuingia iingie. Lakini ikishafika mle ni kitu cha mle, na kitu cha mle hakitoki. Barua iingie, jibu lisitoke. Wote wakasema ameongea kwa busara wakaenda kunywa.

Lusia ameichukua. Naona moshi wao asubuhi ndipo najua wamelala salama. Clemensi hajaja kwenye uzio.

Na juu ya yote nimeletewa agizo. Tarehe 10 Mei anakuja mgeni wa mkoa kuangalia mafunzo yetu, nikusanye mabalozi wote wa nyumba kumi, niwafundishe dalili za mtu anayetaka kujiua, na ngoma iwepo. Ngoma! Mabalozi hao ndio wanaopita nje ya minyaa ya Clemensi wakigeuza shingo. Nitawafundisha dalili gani wasizozijua? Wanazijua zote. Ujinga siwezi kuusingizia tena, na ndiyo maana nina hasira hivi.

Ulimwandikia nini?

Germana


Kansay, nje ya minyaa,
8 Mei 1984

Ndugu Tobiko,

Mimi ni Clemensi. Nasema nikiwa upande wangu, dada yangu anaandika akiwa upande wake. Wazee wamekataza karatasi kutoka kwangu lakini hawakukumbuka kukataza sauti. Leo nimemwita mwenyewe, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinirekebishe. Ameshaanza kunirekebisha.

Barua yako imelowa, upande mmoja hausomeki vizuri, lakini swali linasomeka. Umeuliza ndiyo au hapana. Jibu ni ndiyo.

Germana ameacha kuandika. Nimemwambia aandike. Anasema niseme polepole, kuna watu shambani. Nimemwambia watu hao miezi mitano hawataki kunisikia, leo wanisikie. Ndiyo, nafikiria kujiua. Si kila siku. Siku nikiwa na kazi nyingi sifikirii sana. Jumapili ndiyo mbaya. Wanapita kwenda kanisani wakicheka, wakifika kwenye uzio wangu wananyamaza, wakishavuka wanaanza tena kucheka.

Mtoto alikuwa wa kike. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Wazee hawakuuliza, katekista hakuuliza, na dada yangu muuguzi hakuuliza. Alikuwa na nywele nyingi. Andika, Germana: nywele nyingi.

Dada amekuwa akija kila siku kunisomea daftari lake. Kula, lala, usikae na mawazo. Nilikuwa namwitikia ili aende nyumbani apumzishe miguu. Siku hizo ningemwambia, kama angeniuliza. Sasa analia. Namwambia asilowanishe karatasi, ile ya kwanza kulowa inatosha.

Habari ya polisi nimekusamehe. Sijakusamehe sana, lakini nimekusamehe.

Kuhusu chupa, ninayo. Lusia ametafuta mpaka ndani ya unga. Nataka kuitoa. Lakini sitaimwaga peke yangu, na juu ya jiwe siiweki. Nikimwaga peke yangu nitatafuta nyingine, najijua. Nataka mtu aje hapa aipokee mkononi mwangu. Tangu Desemba mtu wa nje amenishika mara moja tu, dada yangu siku ile, na sikuwa na fahamu. Namtaka mtu anishike mkono nikiwa macho, nimpe mwenyewe, ajue nimempa. Nasema kwa sauti ili wote


13 Mei

Kaka Tobiko, kuanzia hapa ni mimi Germana. Barua iliishia hapo kwa sababu niliweka kalamu chini.

Nina wajawazito kumi na mmoja kwenye daftari. Niliwafikiria, nakuapia niliwafikiria mmoja mmoja kwa majina yao, kisha nikaona siwezi kuwafikiria tena. Nikashika minyaa nipenye. Raphaeli alikuwa kwenye maharage yake, hatua ishirini, na alikuwa ameacha kulima tangu ile ndiyo ya kwanza. Wote walikuwa wameacha kulima. Akaniita.

"Germana! Usipite. Una mtoto."

"Nani apite basi?" nilimfokea, na sauti ikanipasukia. "Miezi mitano mnalima hapa mmempa mgongo. Mnasikia, mnaona moshi, mnaona asipouwasha. Nani apite, Raphaeli? Niambie nani!"

Alisimama akitazama jembe lake. Halafu akasema, si kwangu, kwa Clemensi, na kwa Kiiraqw, polepole: "Mdogo wangu nilikuwa najua. Nilijua wiki nzima. Sikumwuliza."

Akaangusha jembe akapita katikati ya minyaa, utomvu wake mweupe ukimchuruzika mikononi. Clemensi alikuwa ameingia na kutoka na chupa. Raphaeli hakuishika chupa kwanza, alishika mkono, kwa mikono yake miwili, wakabaki hivyo muda mrefu, kisha akaipokea. Wamekwenda wote wawili wakaitumbukiza chooni. Lusia alikaa chini mlangoni akajifunika uso.

Wazee wamekuja jioni hiyo hiyo. Wilibrodi amesema aliyeingia ameingia. Raphaeli atabaki metimani na hao mpaka wote watakapotolewa, shamba lake lisiguswe, mkewe asimsogelee. Mkewe amekuja akamtukana nje ya uzio mpaka sauti ikakauka, na mimi nilisimama naye kwa sababu ana watoto watatu na hakuna aliyemwuliza yeye kitu. Maharage yake nitayapalilia na akina mama wa kliniki. Tumekubaliana.

Mgeni wa mkoa hakuja. Dizeli imekosekana. Mabalozi walikuja wakala, wakaniuliza kama ngoma ipo.

Nina hasira bado, Tobiko. Nina hasira na wazee, na kanisa, na sheria, na wewe kidogo, na mimi zaidi. Hasira kwamba ilibidi mtu mmoja apoteze nyumba yake ili mwingine ashikwe mkono. Clemensi bado ana siku mbaya. Juzi hakutoka kabisa, na Raphaeli alinipigia kelele kwamba yuko naye, wamekaa tu, hawaongei. Nimemwuliza kama anajua la kufanya. Akasema hajui. Nikamwambia na mimi sijui, akae hivyo hivyo.

Leo nilikwenda bila daftari. Niliwasikia kabla sijafika, wanagombana kwamba Clemensi alipanda mahindi karibukaribu mno. Clemensi aliponiona akaja kwenye uzio, karibu kuliko siku zote.

"Dada, niletee blanketi lingine. Huyu analala kwenye mlango wa chumba changu kama askari, na baridi ikimzidi anakuja kunivuta langu."

"Langu lipi?" Raphaeli akajibu kutoka ndani. "Yeye ndiye mvutaji!"

Nimelichukua la kwenye kitanda changu, mama mkwe akitazama. Nikalirusha juu ya minyaa, nikasimama pale na tumbo langu nikiwasikia wanaligombania.

Dada yako,
Germana